Utepe Umekatwa, Kanda Hazijasomwa

BARAZANI, na Bin Hamadi

Jumanne iliyopita, katika chuo kikuu kimoja ninachokistahi kwa ajili ya maulamaa waliopata kusomesha humo, nilimsikia binti wa shahada ya uzamili, aliyesafiri kutoka Lindi, akiambiwa na afisa wa kompyuta, kwa upole wala si kwa ufidhuli, kwamba sauti za wazee alizozifuata zimo chuoni, zimehifadhiwa salama, ila hakuna mashine ya kuzisomea. Nilikuwa nimekaa nikingojea shughuli yangu nyingine, lakini maneno yale yaliniinua kitini.

Tukaonyeshwa zilipo. Chini ya ngazi palikuwa na maboksi, na ndani yake kanda za data, kila moja kiasi cha kiganja, zimebandikwa vikaratasi vilivyoandikwa kwa kalamu ambayo wino wake umefifia: kimoja kinasema wavuvi wa Kilwa Kivinje, kingine nyimbo za harusi, kingine kina tarehe tupu. Mashine iliyoziandika imekwisha kuuzwa mnadani pamoja na viti vibovu, kwa kuwa ghorofani imefungwa mpya, iliyozinduliwa kwa hotuba na utepe. Kanda zile ni LTO za toleo la nne, zinazobeba gigabaiti 800 kila moja. Mashine mpya ni ya toleo la nane, ambayo kanda yake hubeba terabaiti 12, na ambayo kwa jinsi ilivyoundwa husoma kanda za toleo lake na za toleo la saba, basi. Jambo hili limeandikwa katika karatasi za mashine yenyewe, na kila aliyetia sahihi hati ya ununuzi alikuwa na fursa ya kulisoma.

Ghadhabu iliyonishika pale haijanitoka hata sasa. Yule mzee wa Kilwa aliyemfungulia kijana mgeni kifua chake, akamsimulia habari za pepo na miamba na majina ya nyota, alikikabidhi chuo maneno yake yawe amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kulinadi sanduku kabla hajatoa kilichomo.

Sababu naijua, na naitamka bila ya kusitasita: zabuni zetu hulipia kitu kinachobebwa na kufungwa, wala hazilipii kazi ya mtu kukaa miezi kadhaa akizisoma kanda moja baada ya moja, akinakili, kisha akilinganisha nakala na asili mpaka ziwafikiane, kazi ambayo haina mgeni rasmi wala picha gazetini.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na waliyoyakusanya yakapigwa chapa kwenye karatasi, ambazo mwenye macho na subira huzisoma bila ya kumwomba fundi. Kanda haina huruma hiyo. Wala asiniambie mtu kwamba haya ni ya ufukara, maana Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, Desemba 2021, kilipotewa na takriban terabaiti 77 za watafiti wake, kwa sababu programu ya nakala rudufu ilibadilishwa ingali inafanya kazi, ikafuta ilichowekwa kukilinda. Lakini Kyoto walitangaza hasara yao kwa hesabu, faili milioni 34 za vikundi 14 vya utafiti, na hapa kwetu hakuna hata daftari la kutuambia kilichomo maboksini.

Kwa hiyo nauliza, na nataka jibu la maandishi kutoka kwa mkuu wa kitengo cha kompyuta cha chuo kile: kabla ya mnada zilisomwa kanda ngapi, na mashine ya toleo la tano au la sita, ambazo zote mbili husoma kanda za toleo la nne, itaagizwa lini? Binti wa Lindi ana tarehe ya kukabidhi tasnifu yake, nami nina safu hii kila wiki.