Nyimbo za dansi zipigwe hadi mwisho



Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1970 zina sehemu mbili. Ya kwanza husimulia kisa taratibu. Ya pili ni chemko, ambapo maneno hupungua na magitaa hushika usukani. Kwenye santuri ndogo, mara nyingi kila sehemu ilipewa upande wake.

Baadhi ya vituo vya redio sasa huishia sehemu ya kwanza. Hivi karibuni kituo kimoja kilipiga “Shida” ya Mbaraka Mwinshehe, kikaikata kwa matangazo gitaa lilipoanza kunoga. Jina la mtunzi halikutajwa.

Huko ni kumdhulumu msanii na msikilizaji. Mbaraka, aliyeng’ara na Morogoro Jazz kabla ya kuanzisha Super Volcano, alifariki mwaka 1979. Ufundi wa vidole vyake umebaki kwenye rekodi tu. “Zuwena” ya Marijani Rajab na Dar International nayo inastahili kupigwa hadi mwisho.

Wakuu wa vipindi wanaombwa kupiga nyimbo hizi nzima na kutaja mtunzi na bendi. Wasomaji wengine nao watoe maoni yao.

Mpenzi wa dansi,
Morogoro