Kujichapa Si Toba



Kuna fundisho linaloenea katika jumuiya zetu, nami sina budi kulipinga: kwamba Mkristo mwema ni yule anayejidharau. Mtu akijiita takataka mbele ya wenzake, tunasema ni mnyenyekevu. Akirudi kitubioni mara ya tatu na dhambi ileile aliyokwisha kuondolewa, tunaisifu dhamiri yake. Nakataa. Amri ya kumpenda jirani imetupa kipimo, nacho ni nafsi yetu wenyewe; ole wake jirani wa mtu anayejichukia!

Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva, aliligusa jambo hili katika kitabu chake juu ya maisha ya ibada kilichotoka mwaka 1609. Wapo, alieleza, wanaokasirika, kisha wakakasirika tena kwa sababu wamekasirika. Chanzo cha hasira hiyo ya pili hakukificha: ni kujipenda kunakoumia kwa kujiona si mkamilifu. Ni kiburi, basi, kilichovaa gunia na kujipaka majivu! Yeye alishauri tuuonye moyo wetu kwa upole, kama baba amwonyavyo mwanawe bila ghadhabu. Na huyu si mlegevu wa imani. Kanisa lilimtangaza kuwa Mwalimu wake mwaka 1877.

Najua watakaosema, "Padre, ukiwabembeleza watu watazoea dhambi." Hasha! Anayejihurumia haikani dhambi yake. Huitaja, huijutia, huilipia fidia, kisha huinuka. Anayejichapa ndiye hubaki chini akihesabu viboko vyake, na huku jirani aliyemkosea bado anangoja kuombwa radhi.

Tena ni hatari kubwa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alipokuwa Manresa mwaka 1522, aliungama na kuungama tena dhambi zake za zamani pasipo kupata amani, hata akajiwa na kishawishi cha kujiua. Alikaa juma zima bila kutia kitu kinywani, mpaka muungamishi wake alipomwamuru ale. Wengi husimulia habari hii wakiustaajabia mfungo. Mimi namstaajabia yule muungamishi.

Kwa hiyo Jumamosi hii, atakayepiga magoti kitubioni kuniletea tena dhambi ya mwaka juzi iliyokwisha kusamehewa, ajiandae: nitamwuliza kwanza kama amekula.