SOMO LA KAMBINI NALO LIPIMWE

Ndugu zetu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wenyeji wa mji,

Kutoka Sange hadi Baraka, ni jamaa gani isiyo na mtoto aliyepita jeshini? Wengine hurudi na makovu tu. Lakini wamo wanaorudi na elimu: huyu alifunzwa uuguzi, yule ufundi wa mitambo, mwingine uhasibu au kazi ya simu za upepo. Leo twauliza neno moja. Kijana kama huyo akibisha hodi mlangoni pa chuo kikuu, masomo aliyokwisha kuyamaliza yahesabiwe, au yatupwe ziwani?

Sisi twasema yahesabiwe.

Nchi hii yajua uchungu wa elimu isiyohesabiwa. Wakati wa Wabeleji, Force Publique iliwafundisha Waafrika kazi nyingi. Katika Vita Kuu ya Pili, hospitali ya vita ya Kongo ilikwenda hadi Burma, na wauguzi wetu waliwahudumia majeruhi kule. Huko Luluabourg, mji ambao leo huitwa Kananga, jeshi lilikuwa na shule ya makarani na wahasibu; Joseph Mobutu alisoma humo. Lakini njia ya askari Mkongo, hata awe na akili namna gani, ilikomea chini ya mlango wa maofisa. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na ofisa Mkongo hata mmoja. Tarehe 5 Julai, Jenerali Janssens akawaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru mambo ni yale yale ya kabla ya uhuru. Askari wakaasi. Ukimfungia mlango mtu aliyekwisha kujifunza, usishangae siku moja akiuvunja.

Tena nchi hii yajua faida ya kuhesabu. Mwaka ule ule wa 1960 hatukuwa na daktari Mkongo. Walikuwapo waganga wasaidizi, watu waliosoma na kufanya kazi miaka mingi. Hawakuwa askari, lakini shida yao ilikuwa hii hii: elimu yao haikuwa na jina katika chuo kikuu. Shirika la Afya Duniani likawapeleka wapatao 60 huko Ufaransa. Hawakurudishwa mwaka wa kwanza kama watoto. Walipokewa katika miaka ya juu, wakamaliza, wakarudi ni madaktari. Je, ni nani aliyepata hasara? Hakuna. Wagonjwa walipata faida.

Wengine nao wamefanya hivyo. Marekani, tangu miaka ya 1940, waalimu wa vyuo vikuu huyakagua masomo ya jeshi na kushauri ni kiasi gani kifaacho kuhesabiwa. Kisha kila chuo huamua chenyewe.

Nasi kipimo tunacho. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Kongo vimeanza kufuata mfumo wa LMD, unaohesabu masomo kwa krediti: 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi ya miaka 3. Ninyi wachimbaji mwalifahamu jambo hili kuliko sisi. Dhahabu ya Kamituga na ya Misisi huwekwa juu ya mizani. Mizani haiulizi imetoka shimo gani; yauliza uzito wake. Elimu nayo ipimwe hivyo.

Najua watakaosema: "Mnataka kuwafungulia vyuo wenye bunduki wasiojua kitu." Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwetu hapa, tulioona bunduki nyingi kuliko madaftari. Ndiyo sababu twaweka masharti. La kwanza: ihesabiwe elimu, si cheo. Kanali asiyejua hesabu asipewe krediti ya hesabu. La pili: wapimaji wawe waalimu wa chuo, si wakubwa wa kambi. La tatu: asiye na karatasi afanye mtihani, na anayeshindwa aanze mwanzo kama wengine. La nne: mizani iwe moja kwa wote. Fundi aliyesomeshwa kazi na kampuni ya mgodi naye apimwe kama askari.

Basi, ninyi mliopita jeshini, tunzeni vyeti vyenu. Mwendapo chuoni, ombeni kupimwa, na mkikataliwa ombeni sababu kwa maandishi. Na ninyi wakubwa wa vyuo na wa wizara, tangazeni orodha ya masomo yanayokubaliwa, kila mtu aisome mwenyewe.

Askari akiacha kazi, bunduki huirudisha ghalani. Elimu hairudishwi, yakaa kichwani mwake. Afadhali itumike kujenga daraja na kutibu watoto wetu kuliko kuachwa ioze.