Wimbo wa mama, sauti ya wasichana



Tangu sikukuu ya tarehe 8 mwezi wa tatu kuko maneno katika kundi letu. Wimbo wa shamba, ule mama mmoja wa kwetu aliutunga zamani akiwa analima, uliimbwa siku ile na wasichana wa korali ya jirani. Walitia gitaa, wakapunguza mwendo pale penye majonzi. Tuseme ukweli: walituzidi. Sasa hata watoto wetu nyumbani wanauimba kwa namna yao, na mama mwenye wimbo amekasirika.

Tulikaa naye. Tulimweleza kwanza habari ya Otis Redding wa Marekani. Mwaka 1965 alitoa wimbo Respect, maana yake heshima. Ni mwanaume anayeleta pesa nyumbani na kutaka aheshimiwe akirudi. Mwaka 1967 Aretha Franklin aliuchukua, dada zake wawili wakimwitikia, na akaugeuza: sasa ni mwanamke anayedai heshima. Akaongeza pale wanapotaja neno herufi kwa herufi. Leo watu wengi hawajui kama kulikuwa wa kwanza. Otis mwenyewe alitania mbele ya watu kwamba msichana amemnyang'anya wimbo. Lakini jina lake lilibaki pale kama mtunzi, na mtunzi ana haki yake ya malipo.

Mama akauliza: na yule ambaye jina halikubaki?

Hapo ndipo pana uchungu. Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, aliimba Mbube na kundi lake mjini Johannesburg mwaka 1939. Haki za wimbo aliziachilia kwa shilingi 10 tu. Mwaka 1961 vijana wa Marekani walioitwa The Tokens waliuimba kwa Kiingereza, ukavuma dunia nzima, na baadaye ukaingia katika filamu ya watoto The Lion King. Linda alikufa mwaka 1962, maskini, akaacha mjane na watoto. Ni mabinti zake waliokwenda mahakamani, na mapatano yakapatikana mwaka 2006. Miaka 44 baada ya kifo cha baba! Wamama, hesabuni ni karo za shule ngapi zilizopotea hapo.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema hawazuii wasichana kuimba, anachotaka ni jina lake litajwe kwanza.

Siku ya posho tulimsindikiza kwao. Kiongozi wa korali alishangaa sana, walidhani ni wimbo wa mababu usio na mwenyewe. Aliomba msamaha, akaandika jina la mama juu ya daftari yao ya nyimbo. Wakaimba. Katika ubeti wa pili mama aliwasimamisha: walikuwa wanasema "mvua" mahali pa "mbegu", tangu siku ya sikukuu, na hakuna kati yetu aliyesikia kosa. Juma lijalo watakuja kwake, ana nyimbo zingine tatu.