Tunamtaka Mkufunzi wa Kike, Lakini Si Kutoka Nyumba Yetu



Ndugu wasomaji, iko lawama moja iliyozoeleka katika majumba yetu. Husema wazazi kwamba mabinti zetu hawawezi kushiriki michezo ya shule kwa kuwa wanaowafunza ni wanaume, wanaosafiri nao ni wanaume, na mavazi wanayopewa hayasitiri. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini anapotokea binti wa Kiislamu akasema kwamba yeye ndiye atakayekuwa mkufunzi wa wenzake, sisi wenyewe huwa wa kwanza kumfungia mlango.

Swali la juma hili limetufikia kutoka Malaba. Mama mmoja, ambaye mumewe ni mtu wa Mombasa anayeendesha trela kati ya bandari na Kampala, anaeleza kuwa binti yao amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea ufundishaji wa mpira wa kikapu. Baba mtu hataki kusikia. Amemwekea binti ada ya chuo, mara moja tu, na hana nyingine. Anataka iingie katika ualimu au uuguzi. Mama anauliza: je, hiyo ni kazi ya kumtunza mtu, au ni kuimaliza ada bure?

Kwanza tufahamu ni kwa nini binti wa mpakani apate fikira hiyo. Malaba na Busia ni miji ambamo mambo hupita mbele ya macho. Mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki ya mwaka 2024 yalifanyika Mbale na Bukedea, na njia ya kutoka Kenya kwenda Mbale ni kupitia Malaba na Tororo. Na anayepanda basi Busia kwenda Kampala hupita Mukono, penye Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, ambacho timu yake ya wanawake ya kikapu imetwaa ubingwa wa nchi hiyo zaidi ya mara moja. Kwa binti kama huyo, mpira wa kikapu wa chuo ni jambo lenye mahali, wala si ndoto ya kwenye runinga.

Tena mpaka huo umetufunza somo juu ya kazi. Bodaboda, inayolisha nyumba zisizo na idadi kutoka Likoni hadi Kampala, ilianzia huko, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha pili. Sidhani kama kuna mzazi wa zama hizo aliyemwombea mwanawe kazi hiyo. Kazi nyingi huanza bila ya jina.

Ndivyo ilivyokuwa kazi ya kufunza wanawake kikapu vyuoni hata huko Marekani. Tumtazame Bi Vivian Stringer. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Pennsylvania, na babake alikuwa mchimbaji. Shule aliyosoma haikuwa na timu ya kikapu ya wasichana. Mwaka 1971 alianza kufunza wanawake katika Cheyney State, chuo kidogo cha Waamerika Weusi, na riziki yake ilitokana na ualimu wa darasani. Mwaka uliofuata ndipo ilipopita sheria ya kukataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuwabagua wanawake, na michezo ikaingia humo.

Mwaka 1982, mashindano ya kwanza ya wanawake chini ya shirikisho kuu la michezo ya vyuo yalipofanyika, chuo hicho kidogo kilifika fainali. Waliomshangilia walikuwa wengi, ila wachache walijua aliyoyaacha nyumbani. Msimu ule ule binti yake, aliyekuwa na umri wa miezi 14, alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Aliishi, lakini hakuweza tena kutembea wala kusema. Mama huyo alikuwa akitoka hospitalini akaingia mazoezini, akitoka mazoezini akarudi hospitalini.

Mwaka 1983 alihamia Iowa. Mnamo Novemba 1992 mumewe alifariki ghafula kwa maradhi ya moyo, akamwachia watoto watatu. Msimu huo huo alirudi kazini, na timu yake ikafika katika nne za mwisho. Kisha akaenda Rutgers mwaka 1995, nao akawafikisha huko mwaka 2000 na 2007. Kwa hivyo akawa mkufunzi wa kwanza kufikisha timu za wanawake za vyuo vitatu tofauti katika daraja hiyo. Alipostaafu mwaka 2022 alikuwa ameshinda michezo 1,055. Ubingwa wa taifa hakuupata hata mara moja.

Heshima yake, basi, ilitoka wapi? Aprili 2007, siku moja baada ya kushindwa fainali, mtangazaji wa redio aliwatukana wachezaji wake kwa rangi yao na kwa uwanawake wao. Bi Stringer aliketi nao mbele ya waandishi wa habari, akawataja kuwa ni wasomi na watoto wa watu. Baadaye walikutana na mtangazaji huyo, wakazipokea radhi zake. Mama yeyote anajua kazi hiyo inaitwaje, hata pasipo mpira.

Mtasema huyo si Muislamu, na kwao si kwetu. Ni kweli. Ama upande wetu, mlango mkubwa ulikuwa ni wa mavazi. Mwaka 2014 timu ya wanawake ya Qatar ilijitoa katika Michezo ya Asia huko Korea Kusini kwa kukatazwa kucheza na hijabu. Bilqis Abdul-Qaadir, Mmarekani Muislamu aliyefunga zaidi ya pointi 3,000 katika shule ya sekondari na kucheza chuoni akiwa amejistiri, alizuiwa na kanuni hiyo hiyo kuendelea na mchezo wa kulipwa ng'ambo. Mwaka 2017 shirikisho la dunia, FIBA, liliruhusu kufunika kichwa. Hoja ya hijabu, basi, haiwezi tena kutupiwa kanuni za kimataifa. Iliyobaki ni hoja ya nani atawasimamia mabinti zetu.

Ama mchezo wenyewe, wanazuoni wametuhadithia kuwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshinda. Na mara nyingine akashindwa. Masharti ya stara, ya Swala kwa wakati wake na ya usalama wa safari yanabaki pale pale, na kila familia imuulize shekhe wake. Lakini nani atayalinda masharti hayo vizuri zaidi katika basi la wasichana 12 linalolala njiani, kuliko mwanamke anayeyajua na kuyaamini?

Kwa dada yetu wa Malaba, jawabu letu ni hili. Hofu ya mumeo si ya kupuuzwa. Mishahara ya wakufunzi wa kikapu katika nchi zetu si ya kutegemewa peke yake, na ada iliyopo ni moja. Lakini msitazame kana kwamba ziko njia mbili zilizo mbalimbali. Katika shule zetu, wakufunzi wengi wa michezo ni walimu. Binti asomee ualimu, na katika masomo yake achague elimu ya mazoezi ya mwili. Kisha atafute mafunzo ya shirikisho ya ukufunzi wakati wa likizo. Baba atapata cheti anachokitaka, na binti hatapoteza anachokipenda. Bi Stringer mwenyewe aliingia kwa mlango wa ualimu.

Na kwetu sisi wa pwani, tusijitoe katika jambo hili. Kwale tuna Kaya Tiwi, ambayo imewahi kuwa bingwa wa taifa wa wasichana. Mombasa tuna timu ya wanawake ya Mamlaka ya Bandari, na ukumbi wa Makande. Wachezaji tunao. Kamati za shule na za madrasa zinapotafuta mwalimu wa michezo, ziulize kwanza kama yuko mwanamke, na akikosekana, zimsomeshe mmoja. Tusipofanya hivyo, mwaka ujao tutakaa barazani na kuirudia lawama ile ile, na mabinti watakuwa wameshapita umri wa kucheza.

Wabillahi tawfiq.