Stesheni ni Mlango wa Mji

Wako watu wasemao kwamba njia ya reli isiyoleta faida haina haki ya kuwapo. Wakiona treni ina abiria wachache, husema mara moja, "Ifungwe!" Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu nitazieleza kwa mfano wa stesheni moja ya Japani, iitwayo Kinosaki Onsen.

"Onsen" kwa Kijapani ni chemchemi ya maji ya moto. Mji wa Kinosaki uko kaskazini ya jimbo la Hyogo, karibu na Bahari ya Japani, na watu wameyaoga maji yake kwa zaidi ya miaka 1,000. Reli ilifika hapo mwaka 1909. Mwaka 1913 mwandishi Shiga Naoya, aliyekuwa amegongwa na treni mjini Tokyo, alikwenda Kinosaki kujiuguza, na hadithi aliyoitoa mwaka 1917 juu ya siku zake za huko inasomwa mpaka leo.

Wenyeji husema kwamba mji wao mzima ni nyumba moja ya wageni. Stesheni ndiyo mlango, barabara ndizo ujia, nyumba za wageni ndizo vyumba vya kulala, na hamamu za mji ndizo bafu kubwa la wote. Ndiyo maana mgeni huvaa kanzu nyepesi na mitalawanda, akatembea njiani kutoka hamamu hii mpaka ile bila ya kuona haya, kwa kuwa yumo nyumbani.

Msidhani umoja huo ulikuja bure. Mwezi wa Mei 1925 tetemeko la ardhi liliangusha mji, na moto ukaunguza karibu wote. Walipokuwa wakijenga upya, mwenye nyumba moja ya wageni akataka kuwa na bafu lake ndani. Wenzake wakapinga, maana mgeni akioga ndani hatoki nje. Asipotoka, hamamu za mji na maduka ya njiani yatakosa watu. Kesi ilianza mwaka 1927, na mapatano hayakupatikana mpaka 1950: mabafu ya ndani yaliruhusiwa, lakini yawe madogo. Hivyo walijifunza kwa taabu kwamba kitu cha wote hakipimwi kwa mfuko wa mtu mmoja.

Sasa tuirudie reli. Mlango huo wa Kinosaki una pande mbili. Upande wa kusini nyaya za umeme zilifika mwaka 1986, na treni za mwendo wa kasi huleta wageni kutoka Osaka na Kyoto. Nyaya hizo zinakoma hapo hapo. Anayekwenda mbele, kuelekea magharibi kando ya bahari, hupanda treni ya dizeli. Mwezi wa Aprili 2022 kampuni ya reli, JR West, ilitangaza hesabu za sehemu 30 za njia zake ambazo wastani wa abiria kwa siku haukufika 2,000, na zote zilikuwa na hasara. Sehemu ya kutoka Kinosaki Onsen mpaka Hamasaka ilikuwa mojawapo.

Mimi sibezi daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni ilifanya vema kuonyesha hesabu yake. Tena ni kweli kwamba watu wa vijijini wanapungua, na wengi wana motokaa. Lakini nauliza: daftari hilo limeandika nini? Limeandika nauli tu. Halikumwandika mzee asiyeweza tena kuendesha gari, wala mwanafunzi ambaye bila treni hafiki shuleni.

Kwenye sehemu hiyo hiyo kipo kijiji cha Amarube. Tangu mwaka 1912 treni zilipita juu ya kijiji, kwenye daraja refu lenye kimo cha mita 41, wala hazikusimama. Aliyetaka kusafiri alifuata reli kwa miguu, akapita darajani na ndani ya mahandaki, mpaka stesheni ya jirani. Watoto wa shule wakamwandikia barua mkuu wa jimbo kuomba stesheni. Ilipokubaliwa, wanakijiji, pamoja na watoto, walibeba mawe kutoka pwani hadi juu ili kusaidia kuijenga, na mwaka 1959 ikafunguliwa. Mawe yale yameandikwa katika daftari gani?

Basi rai yangu ni hii. Hasara ya njia kama hiyo isibebwe na kampuni peke yake, wala isiwe sababu ya kuifunga kwa haraka. Serikali, jimbo na miji inayofaidika waketi pamoja na kuchangia, kama vile watu wa Kinosaki walivyopatana juu ya maji yao. Sheria ya Japani iliyoanza kutumika Oktoba 2023 inatoa nafasi ya mikutano ya namna hiyo, nami naona ni njia ya busara.

Najua mtanijibu kwamba nyumba njema si mlango. Ni kweli. Lakini mlango ukizibwa, mwenye kutaka kuingia ndani aone wema wake atapita wapi?