Mbwa na Haki Zake Juu ya Mwenye Kumfuga

Tumepata kuulizwa na baadhi ya vijana wetu swali ambalo halisikiwi sana chuoni. Wanauliza: je, yajuzu Mwislamu kufuga mbwa nyumbani kwake? Na je, yajuzu kumzalisha akauza watoto wake, kama wafanyavyo vijana wengi wa mijini siku hizi, ambao huwauza mbwa wa Kizungu kwa fedha nyingi kwa watu wenye kutaka ulinzi?

Swali hili ni zuri, wala halistahiki kujibiwa kwa neno moja. Wengi wetu tukitajiwa mbwa husema "najisi", kisha tukafunga mlango. Neno hilo ni la kweli katika madhehebu yetu, lakini halitoshi. Na kwa kutotosha kwake yamepatikana madhara mawili. La kwanza, wanyama huteswa mbele ya macho yetu na hakuna aonaye vibaya. La pili, watoto wetu hufa kwa maradhi ambayo yangaliweza kuzuiwa. Kwa hiyo mwezi huu tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Tuanze na hukumu ya kufuga. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume wetu (s.a.w.) ameeleza kwamba mwenye kuweka mbwa asiye wa kuwindia, wala wa kuchungia wanyama, wala wa kulindia shamba, thawabu zake hupungua kila siku kwa kadiri ya kirati. Na katika Suratul-Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia windo linalokamatwa na wanyama tuliowafundisha kuwinda. Wanavyuoni wengi wamepima juu ya hayo, wakasema kuwa kulinda nyumba nako ni haja, kwani roho za watu na mali zao si duni kuliko mbuzi na mimea. Basi mwenye haja ya kweli anayo ruhusa. Asiyekuwa nayo ni yule amwekaye mbwa kwa fahari, au kwa kuiga tu jirani.

Ama khabari ya najisi, sisi watu wa pwani tulio wengi tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwetu mbwa ni najisi. Akilamba chombo, chombo hicho huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Imamu Malik ameona kuwa mbwa aliye hai ni tahiri. Hatuyataji haya ili kijana ajichagulie lililo jepesi. Twayataja ili ajue kwamba najisi ni hukumu ya ibada yetu sisi: yahusu nguo, mwili na mahali pa kusalia. Si tusi juu ya mnyama, wala si ruhusa ya kumpiga mawe. Damu ya mwanadamu nayo ikitoka ni najisi, na hatujamwona mama aliyemchukia mwanawe kwa kuwa amejikata kisu.

Tena tukumbuke ni nani aliyetajwa pamoja na vijana wa pangoni katika Suratul-Kahf. Mwenyezi Mungu amewasifu vijana wale kwa imani yao, na katika kisa hicho hicho amemtaja mbwa wao aliyelala kizingitini amenyosha miguu yake. Na katika Hadithi sahihi tumekhabarishwa juu ya mtu aliyemkuta mbwa anahema kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha; Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, aliingia Motoni kwa sababu yake. Mbwa yule hakuwa wa mtu yule, na juu ya hayo maji ya mara moja yakawa sababu ya msamaha. Itakuwaje basi hali ya mtu mwenye mbwa wake mwenyewe, aliyemfunga kwa mkono wake, naye akamwacha na kiu mchana kutwa?

Hapa ndipo penye aibu yetu. Twaona katika nyua za watu mbwa aliyefungwa mnyororo wa pima moja tangu alfajiri hata usiku, juani, na kopo lake halina maji. Mwenyewe husema, "Namfanya awe mkali." Huu si ukali. Mbwa aliyeteswa huwa mwoga, na mbwa mwoga huuma asiyestahiki kuumwa: mtoto wa jirani, au mgeni aliyekuja kwa wema. Mlinzi mzuri ni mbwa aliyeshiba, aliyefundishwa, amjuaye bwana wake na kumtii. Wanavyuoni wa fikihi wameandika wazi kuwa mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha, na akishindwa basi amtoe kwa atakayeweza. Mbwa hakutolewa katika hukumu hiyo.

Haki ya pili ni chanjo, na hii ni haki ya mbwa na ya jirani pamoja. Maradhi ya kichaa cha mbwa huingia mwilini kwa mate ya mnyama mwenye maradhi anapouma, na dalili zikishadhihirika kwa mtu, ni nadra mno kuokoka. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na kiasi cha wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Walakini chanjo ya maradhi haya imejulikana tangu mwaka 1885, ilipotumiwa na Louis Pasteur kwa mtoto aliyeumwa na mbwa. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 wa mahali, na ikaendelezwa hivyo mwaka baada ya mwaka, maradhi hukatika mahali hapo.

Wala haya si maneno ya vitabuni tu. Kisiwani Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu, mbwa walichanjwa kwa wingi hata maradhi yakatoweka. Yakaingia tena mwaka 2016. Chanjo ikarudiwa, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 yalikuwa yamekatwa mara ya pili. Ndugu msomaji, zingatia hapo. Watu wa Pemba hawakuokoka kwa kuwa mbwa ni najisi na wao hawamgusi. Waliokoka kwa sababu mbwa walikamatwa, wakashikwa, wakapigwa sindano. Asemaye, "Mimi sifugi mbwa, hayanihusu," na ajue kwamba mbwa wa mtaani hamuulizi mtoto kama baba yake ni mfugaji.

Na mtu akiumwa, asipakwe pilipili wala majani. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akadungwe sindano, ijapokuwa jeraha ni dogo. Kule kuosha mara saba ni kwa ajili ya tahara. Huku ni kwa ajili ya uhai. Lifanywe hili kwanza.

Sasa tuje kwenye biashara. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Masud al-Ansari, kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa. Kwa ajili hiyo katika madhehebu ya Shafi kuuza mbwa hakusihi, hata akiwa amefundishwa. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wamejuzisha kumwuza mbwa mwenye manufaa, na Wamaliki wamekhitalifiana. Kumpa mbwa mwenye haja naye, bila ya bei, hapana ubaya. Basi kijana afuataye madhehebu yetu tunamwambia bila ya kumzunguka: fedha hii usiijengee maisha yako. Twajua riziki ni ngumu, wala hatumdharau anayehangaika. Lakini kazi za halali katika mlango huu huu zipo; kusomea uganga wa wanyama ni moja, na waganga wa wanyama kwetu hawatoshi.

Hata huyo aliye na madhehebu ya kumruhusu bado hajatoka katika masuala. Ataulizwa: umemzalishaje? Mbwa jike hubeba mimba kiasi cha siku 63, kisha akanyonyesha wiki kadhaa. Wako wanaomzalisha kila apatapo joto, bila ya kumpumzisha, mpaka amekonda mbavu zahesabika. Na watoto wake wakauzwa kabla ya kutimiza wiki nane. Wasiopata mnunuzi hutiwa gunia wakatupwa jalalani. Watakaosalimika ndio mbwa koko wa kesho, ambao hawakuchanjwa, na ambao hatimaye hupigwa risasi au hulishwa sumu. Hivyo mmoja akapata fedha, na mtaa mzima ukalipa.

Na ataulizwa tena: umetafuta umbo gani? Huko Ulaya watu wamechagua mbwa wa uso bapa kizazi baada ya kizazi, kama aina ya buldogi, hata pua zikawa fupi mno mnyama asiweze kuvuta pumzi vizuri, na majike mengi yasiweze kuzaa ila kwa kupasuliwa. Watu wa huko wenyewe wameanza kuona ubaya wake. Uholanzi imekataza kuzalisha mbwa wenye maumbile ya kuwadhuru, na tangu mwaka 2019 imeweka kipimo cha urefu wa pua. Mwezi wa Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kwamba kuzalisha mbwa wa aina ya Cavalier King Charles, walio na maradhi mazito ya kurithi, ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama. Uingereza nako, tangu Aprili 2020, mfanyabiashara wa kati haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita. Mnunuzi humwendea mzalishaji mwenyewe, au makao ya wanyama waliookotwa.

Je, sisi tungoje mahakama zituambie? Katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, tumeelezwa kuwa Shetani ameapa kuwaamrisha watu wakate masikio ya wanyama na wabadilishe maumbile ya Mwenyezi Mungu. Na juu ya hayo wapo kwetu wanaokata masikio ya mbwa ili aonekane mkali. Wako pia wanaowapiganisha mbwa kwa mchezo, na hali imepokewa katika Hadithi kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kuwachochea wanyama wapigane.

Basi tunawausia vijana wetu hivi. Kabla hujaleta mbwa, jiulize kama unayo haja ya kweli, nafasi ya uwanja, na chakula cha miaka kumi au zaidi, kwani huo ndio umri wake. Mfanyie banda lenye kivuli, mbali na mahali mnaposalia na vyombo mnavyolia. Mchanje kila mwaka, na cheti ukiweke. Mtenge dume na jike usipokuwa na pa kuwaweka watoto. Ama kuhasi, wanavyuoni wamekhitalifiana. Mwulize sheikh wako na daktari wa mifugo pia. Jirani akilalamika kwa kelele au kwa hofu, usimjibu kwa ukali. Haki yake ni kubwa.

Na wazazi, wazuieni watoto kuwatupia mbwa mawe. Mtoto aliyezoea kucheka kilio cha mnyama hatakuwa na moyo laini kwa mtu. Mfundisheni ajitenge na mbwa kwa ajili ya tahara yake, na amwekee maji kwa ajili ya Mola wake. Mambo mawili haya hayapingani hata kidogo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye huruma kwa kila kiumbe chenye roho. Wabillahi tawfiq.